Je, Elizabeth wa Kwanza alitawala mwenyewe, au alitawaliwa na katibu wake?

Swali la msomaji: Shikamoo mwalimu. Nimekuwa nikisoma habari za ukoo wa Tudor wa Uingereza, na kila ninapogeuka nakutana na maelezo mawili yanayogongana. Wapo wanaosema Elizabeth wa Kwanza aliamua kila kitu peke yake, na wapo wanaosema mtawala halisi alikuwa katibu wake, William Cecil. Alipoingia madarakani mwaka 1558 alikuwa na miaka 25, hana mume, hazina ina madeni na nchi imegawanyika kidini. Nani hasa alikuwa anatawala siku zile? Na iliwezekanaje asianguke?

Jibu: Marahaba. Picha zote mbili ulizopewa zimechorwa kwa kumtazama Elizabeth wa uzeeni, yule aliyekwisha kukaa madarakani miaka thelathini na ushei, ambaye merikebu za nchi yake zilikuwa zimefika mpaka Unguja (ya James Lancaster ilitia nanga hapo mwishoni mwa 1591). Huyo alikuwa amekwisha wazika wengi wa washindani wake. Wewe umeuliza miaka ya mwanzo, nami nitabaki humo, kuanzia Novemba 1558 mpaka 1563. Njia ninayoiamini ya kujibu "nani alitawala" ni hii: achana na vyeo, tafuta mahali ambapo malkia na washauri wake walitofautiana kweli, kisha uliza neno la nani lilisimama. Ukifanya hivyo utaona kwamba Cecil alishinda mara moja kubwa, huko Uskoti, na kwamba katika mambo mawili aliyoyataka kuliko yote, ndoa ya malkia na jina la mrithi, alishindwa moja kwa moja.

Tuanze na alichokirithi. Mary wa Kwanza, dada yake kwa baba, alifariki asubuhi ya tarehe 17 Novemba 1558 mjini London. Elizabeth alikuwa Hatfield, kaskazini mwa mji. Bunge lilikuwa linakutana siku hiyohiyo, na aliyewatangazia wabunge kifo cha Mary na kumtaja Elizabeth kuwa malkia alikuwa Nicholas Heath, Askofu Mkuu wa York, Mkatoliki wa kweli. Hakuna panga lililochomolewa. Ukikumbuka kwamba miaka mitano tu kabla ya hapo Mary mwenyewe ilimlazimu kukusanya jeshi ili amng'oe Jane Grey, binti wa ukoo aliyetangazwa malkia mahali pake, utaona kwamba hilo si jambo dogo. Tena jioni ileile akafariki Kardinali Reginald Pole, Askofu Mkuu wa Canterbury na mjumbe wa Papa. Kwa siku moja kiti cha enzi kilipata mtu, na kiti kikuu cha kanisa kikabaki wazi.

Lakini haki yake ya kutawala ilikuwa na ufa. Mwaka 1536, baba yake Henry wa Nane alipomkata kichwa mama yake, Anne Boleyn, Bunge lilipitisha sheria kwamba Elizabeth ni mtoto wa nje ya ndoa. Sheria ya mwaka 1544 ikamrudisha kwenye orodha ya warithi, bila kufuta ile ya kwanza. Kwa hiyo mbele ya sheria alikuwa mambo mawili kwa pamoja: mrithi halali na mwana haramu. Nicholas Bacon, mwanasheria aliyempa kazi ya kutunza Muhuri Mkuu wa dola, alimshauri asiiguse sheria ya 1536 hata kidogo, kwa hoja kwamba taji likishakaa kichwani linafuta kasoro zote. Akafuata ushauri huo. Bunge la 1559 likatangaza kwamba yeye ni malkia kwa haki na kwa damu, basi. Suala la ndoa ya mama yake likaachwa lilale. Mimi hapo ninaona tabia yake yote ya baadaye: jambo ambalo ukilifungua litazua maneno, liache limefungwa.

Kwa Wakatoliki wa Ulaya ufa huo ulikuwa mlango. Kama ndoa ya Henry na Anne ilikuwa batili, basi malkia wa haki alikuwa Mary Stuart, Malkia wa Waskoti, mjukuu wa Margaret, dada yake Henry. Na Mary Stuart hakuwa binti mnyonge wa kijijini. Aprili 1558 alikuwa ameolewa na mrithi wa kiti cha Ufaransa. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Halafu jinsia yake. Mwaka huohuo 1558, John Knox, mhubiri Mskoti aliyekuwa uhamishoni Geneva, alichapisha kijitabu kikali kinachodai kwamba utawala wa mwanamke ni kinyume cha maumbile na cha maandiko. Alikuwa amewalenga malkia Wakatoliki, kitabu kikatoka, na muda si muda akashika nchi malkia Mprotestanti ambaye Knox alimhitaji sana! Elizabeth hakumsamehe, na alimkatalia hata ruhusa ya kupita Uingereza akirudi kwao. Lakini kisheria suala hilo lilikuwa limekwisha kujibiwa, na hapa Mary wa Kwanza anastahili shukrani ambazo hapewi. Mwaka 1554 Bunge lake lilipitisha sheria inayosema kwamba mamlaka ya kifalme ni yaleyale, awe anayeyashika ni mwanamume au mwanamke. Elizabeth aliikuta njia imekwisha fyekwa.

Sasa twende kwenye namna alivyotawala, maana ndicho kiini cha swali lako.

Siku chache za mwanzo, akiwa bado Hatfield, alimteua William Cecil kuwa katibu wake. Alimwambia, mbele ya wengine, kwamba anamtarajia asihongwe kwa zawadi yoyote, awe mwaminifu kwa dola, na ampe ushauri anaouona bora bila kujali malkia mwenyewe anapenda nini. Maneno hayo ya mwisho yasikupite. Cecil aliyachukua kama yalivyo, na kwa miaka iliyofuata alimwambia mengi asiyoyapenda.

Baraza la washauri alilipunguza. Mary alikuwa na wajumbe zaidi ya arobaini kwa majina, ingawa waliofanya kazi hasa walikuwa wachache. Elizabeth alibaki na wapatao ishirini. Hakuwafukuza wote wa zamani, na hapo ndipo unapoona busara yake: mabwana wakubwa wenye ardhi na watu, kama masharifu wa Arundel, Pembroke, Shrewsbury na Derby, walibaki, kwa sababu kuwaacha nje kulikuwa hatari kuliko kuwa nao ndani. Alibaki pia Mweka Hazina Mkuu, William Paulet, mzee aliyekuwa amewahudumia kwa zamu Edward wa Sita, ndugu yake Elizabeth kwa baba aliyetawala kabla ya Mary, na Mary mwenyewe. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa amewezaje kuvuka tawala zote hizo, alijibu kwamba yeye ametokana na mti unaopinda, si na mwaloni. Walioondolewa ni watu waliokuwa na Mary kwa sababu ya dini, na hasa maaskofu. Nafasi zao zikajazwa na watu kama Cecil, Bacon na Francis Knollys: Waprotestanti, wengi wao wasomi, na wengi wao ndugu kwa damu au kwa ndoa. Cecil na Bacon walikuwa wameoa dada wawili wa tumbo moja.

Jambo jingine waandishi wengi hulipita haraka, nami naliona kubwa. Chini ya mfalme mwanamume, watu wa chumbani kwake, wanaomvisha na kulala mlangoni pake, walikuwa wanasiasa. Wakati wa Henry wa Nane kundi hilo lilipandisha na kushusha mawaziri, na mmoja wao ndiye aliyeshika fedha za mfalme za mkononi. Kwa malkia, watumishi wa chumbani walikuwa wanawake: Kat Ashley aliyemlea tangu utotoni, Blanche Parry, na wenzao. Walikuwa na masikio, na wengi waliwaomba wawapelekee maombi yao, lakini hawakuwa wajumbe wa Baraza wala hawakushika majeshi. Kwa hiyo mlango mmoja wa siasa za kiume ulifungwa, na njia ya kumfikia malkia kwa kazi za dola ikapita kwa katibu na Baraza. Nguvu ya Cecil ilitoka hapo kwa kiasi kikubwa: barua za mabalozi, taarifa za mikoani, rasimu za matangazo, vyote vilipita mezani kwake kabla ya kufika kwa malkia.

Elizabeth alilijua hilo na akawa na dawa yake. Kwa kawaida hakuhudhuria vikao vya Baraza. Wao wangekaa, wangejadili, kisha wangemletea shauri. Yeye alikuwa amekwisha waita wawili watatu mmojammoja, akawauliza jambo lilelile kila mtu peke yake, na huenda amezungumza na balozi wa Uhispania au wa Ufaransa juu yake pia. Baraza likija na kauli moja, alijua ni nani alikuwa amenung'unika. Na mwisho wa yote palihitajika saini yake. Bila saini, karatasi nzuri kuliko zote za Cecil zilikuwa karatasi tu. Silaha yake ilikuwa kutotia saini: leo anaumwa kichwa, kesho anataka kusoma tena, keshokutwa amebadilisha nia. Washauri wake waliandikiana barua za kukata tamaa juu ya danadana hizo.

Usidhani kwamba serikali hiyo ilikuwa na mkono mrefu. Hapakuwa na jeshi la kudumu wala polisi. Katika kila wilaya sheria ilisimamiwa na mahakimu wa amani, wenyeji wenye ardhi, wasiolipwa mshahara. Kama amri ya London hawakuipenda, waliisoma na kuiweka kando. Ndiyo maana Elizabeth alihitaji sana Bunge, ingawa hakulipenda: kodi na sheria zilizopitishwa na watu wa aina hiyohiyo zilitekelezeka kwa urahisi zaidi wakirudi makwao.

Mtihani wa kwanza mkubwa ulikuwa dini. Krismasi ya 1558 aliondoka katikati ya Misa katika kanisa lake mwenyewe, kwa sababu Askofu Owen Oglethorpe wa Carlisle alikataa kuacha kuinua hostia, yaani mkate wa Misa. Wiki tatu baadaye, tarehe 15 Januari 1559, ilimbidi avikwe taji na askofu huyohuyo: kiti cha Canterbury kilikuwa wazi na Heath wa York alikuwa amekataa kazi hiyo. Bunge lilifunguliwa siku kumi baada ya kutawazwa. Muswada wa kuvunja mamlaka ya Papa na kurudisha ibada ya Kiprotestanti ulipofika Baraza la Malodi, chumba cha juu cha Bunge, maaskofu waliowekwa na Mary, wakisaidiwa na mabwana Wakatoliki, waliukata vipandevipande.

Angalia walichofanya Elizabeth na watu wake wakati wa Pasaka. Waligawa muswada mara mbili, mmoja wa mamlaka na mwingine wa ibada, ili anayeukataa wa pili aweze kuukubali wa kwanza. Jina la Mkuu wa Kanisa, alilolitumia baba yake, likaachwa. Akaitwa Msimamizi Mkuu, jina lililowapunguzia makali Wakatoliki waliosema mkuu ni Papa, na Waprotestanti waliosema mkuu ni Kristo, na wote waliosema mwanamke hawezi. Pakaitishwa mdahalo wa hadhara Westminster kati ya wanazuoni wa pande mbili. Upande wa Kikatoliki ukagomea utaratibu, na maaskofu wawili, wa Winchester na wa Lincoln, wakajikuta wamefungwa katika Mnara wa London, hivyo hawakuwepo kupiga kura. Muswada wa ibada ukapita kwa Malodi kwa kura 21 dhidi ya 18. Hakuna askofu hata mmoja aliyeuunga mkono. Kura tatu! Kila nikisoma hesabu hiyo nakumbuka kwamba kile tunachokiita leo Kanisa la Anglikana, ambalo wengi wa wasomaji wangu wamebatizwa humo, kilipita kwenye tundu la sindano.

Ni nani alitaka nini katika jambo hilo? Wanahistoria bado wanabishana. Wako waliosema Elizabeth alitaka mabadiliko madogo akasukumwa na wabunge wakali. Siku hizi wengi wanaona kwamba yeye na Cecil walitaka Uprotestanti tangu mwanzo, na kikwazo kilikuwa maaskofu. Mimi niko na hawa wa pili, ila naongeza kwamba baada ya 1559 njia zao ziliachana. Cecil na maaskofu wapya waliona sheria hiyo kuwa hatua ya kwanza. Elizabeth aliiona kuwa ya mwisho. Aliendelea kuweka msalaba na mishumaa katika kanisa lake la nyumbani, akawakasirisha maaskofu wake mwenyewe, na hakuruhusu kitabu cha sala kuguswa tena. Hapo neno la malkia lilisimama.

Kuhusu wale wasiokubali, alikwenda polepole. Maaskofu wa zamani, isipokuwa mmoja wa Llandaff, walikataa kula yamini na wakaondolewa, lakini hakuwachoma moto kama Mary alivyofanya kwa Waprotestanti. Asiyekwenda kanisani Jumapili alitozwa peni 12, na katika wilaya nyingi hata hizo hazikudaiwa kwa bidii. Askofu Mkuu mpya, Matthew Parker, alisimikwa Desemba 1559.

Fedha nitazipitia kwa ufupi zaidi, ingawa wachumi watanilaumu. Madeni aliyoyakuta yalizidi pauni 200,000, sehemu kubwa kwa wakopeshaji wa Antwerp kwa riba iliyofika hata asilimia 14. Vita vya Mary dhidi ya Ufaransa vilikuwa vimekula fedha na vikapoteza Calais, mji wa mwisho wa Waingereza barani, mnamo Januari 1558. Mavuno yalikuwa mabaya mwaka 1555 na 1556, kisha homa kali ikaua watu wengi. Lakini hapa tena Mary alimwachia dada yake kitu: jedwali jipya la ushuru wa forodha la 1558, ambalo lilipandisha mapato ya bandarini kutoka chini ya pauni 30,000 kwa mwaka mpaka zaidi ya 80,000. Elizabeth hakulifuta, ingawa wafanyabiashara walilalamika.

Sarafu zilikuwa aibu. Henry na serikali ya Edward walikuwa wamechanganya shaba nyingi ndani ya fedha, watu wakaficha sarafu nzuri na kulipana kwa mbaya. Mfanyabiashara Thomas Gresham, wakala wa malkia huko Antwerp, alikuwa ameeleza wazi kwamba jambo hilo ndilo lililoua thamani ya pauni ya Kiingereza ng'ambo. Septemba 1560 ikatangazwa kwamba sarafu iliyopaswa kuwa shilingi ya peni 12, na ambayo tayari ilikuwa imeshushwa mpaka peni 6, sasa itahesabiwa peni nne na nusu, na zile mbovu kabisa peni mbili na robo. Kisha zikakusanywa, zikayeyushwa, zikatolewa mpya. Kazi ilikamilika 1561, na serikali ikabaki na faida. Watu walioshika sarafu mbovu siku hiyo ya tangazo walipata hasara, na tusijidanganye kwamba waliimba sifa za malkia. Lakini katika mambo yote ya miaka hiyo, hili ndilo naliona limefanywa kwa ustadi kuliko mengine.

Sasa Uskoti, ugomvi ambao Cecil alishinda. Amani na Ufaransa ilitiwa saini Cateau-Cambrésis Aprili 1559: Calais ingekaa kwa Wafaransa miaka minane, kisha wairudishe au walipe krauni 500,000. Hakuna aliyeamini kwamba wangeirudisha. Miezi mitatu baadaye mfalme Henry wa Pili wa Ufaransa alichomwa na kipande cha mkuki katika mchezo wa mashindano juu ya farasi, akafa tarehe 10 Julai. Mary Stuart akawa malkia wa Ufaransa na Uskoti kwa pamoja, akiwa na miaka 16, na yeye na mumewe walikuwa wakitumia nembo ya Uingereza kwenye vyombo vyao kana kwamba ni yao. Askari wa Kifaransa walikuwa tayari Uskoti, wakimlinda mama yake, Mary wa Guise, aliyetawala kwa niaba yake. Mabwana Waprotestanti wa Uskoti waliasi na kuomba msaada London.

Elizabeth hakutaka. Kwanza, kumsaidia raia anayemwasi mfalme wake ni mfano mbaya kwa malkia ambaye haki yake mwenyewe inabishaniwa. Pili, hakuwa na fedha. Alikubali kutuma fedha kwa siri, si zaidi. Cecil aliona kwamba Wafaransa wakishika Uskoti kabisa, Uingereza itabanwa kaskazini na kusini. Desemba 1559 malkia alipoendelea kusitasita, Cecil alimwandikia akiomba aondolewe katika jambo hilo, kwa sababu hawezi kulisimamia shauri asiloliamini. Yuko tayari kumtumikia hata jikoni au bustanini. Hiyo ilikuwa barua ya kujiuzulu iliyovaa nguo za heshima. Elizabeth akalegea. Manowari za William Winter zikaenda mlango wa mto Forth, na Februari 1560 pakafanywa mkataba na mabwana wa Kiskoti huko Berwick.

Vita vyenyewe havikuwa vya kujivunia. Tarehe 7 Mei Waingereza walivamia kuta za Leith, bandari ya Edinburgh iliyoshikwa na Wafaransa, na kukuta ngazi zao ni fupi, wengi waliuawa. Elizabeth alimfokea Cecil kwa hasira kali. Kilichowaokoa ni kwamba Mary wa Guise alifariki mwezi Juni, na Ufaransa, ikiwa na fujo zake za ndani, haikuweza kutuma msaada. Cecil mwenyewe alikwenda Edinburgh na tarehe 6 Julai akapata mkataba: Wafaransa waondoke, Waingereza waondoke, na Mary Stuart aache nembo ya Uingereza. Barua ya Elizabeth ikimtaka adai pia Calais na fidia ilifika saini zikiwa zimekwisha tiwa. Kwa Cecil huo ulikuwa ushindi wa maisha yake. Aliporudi, malkia hakumpa shukrani. Muda wake wote ulikuwa kwa Robert Dudley.

Na hapo tunaingia kwenye ndoa. Philip wa Pili wa Uhispania, mjane wa dada yake, alikuwa amekwisha posa mapema 1559. Wakafuata wana wa wafalme wa Sweden na wa Austria. Elizabeth aliwaambia wabunge Februari 1559 kwamba akiishi na kufa bikira, na jiwe la kaburi likasema hivyo, kwake yatosha. Hawakumwamini. Lakini mtu aliyempenda hasa alikuwa Dudley, msimamizi wa farasi wake, mtu mwenye mke. Cecil alimlalamikia balozi wa Uhispania kwamba mambo yakiendelea hivi ataacha kazi. Tarehe 8 Septemba 1560 mke wa Dudley, Amy Robsart, alikutwa amekufa chini ya ngazi huko Cumnor. Wazee wa baraza la uchunguzi walisema ni ajali. Ulaya nzima ilisema vinginevyo. Kama Elizabeth angeolewa na Dudley baada ya hapo, nusu ya Baraza lake lingemkimbia. Hakuolewa. Wala hakumfukuza Dudley. Alimbakiza karibu, na Oktoba 1562 akamwingiza katika Baraza pamoja na sharifu wa Norfolk, mpinzani wake. Wawili wasiopendana ndani ya chumba kimoja, kila mmoja akimtegemea yeye: hakika hakuna aliyemfundisha mbinu hiyo.

Kosa lake kubwa la miaka hiyo lilitokana na shauku yake ya kuirudisha Calais. Ufaransa ilipoingia katika vita vya dini, Dudley na wengine walimshawishi awasaidie Waprotestanti wa huko, nao wampe bandari kama rehani. Safari hii hakuhitaji kusukumwa sana. Septemba 1562 aliahidi askari 6,000 na mkopo wa krauni 140,000, na jeshi likakaa Le Havre chini ya kaka yake Dudley. Machi 1563 Waprotestanti na Wakatoliki wa Ufaransa wakapatana wao kwa wao, kisha wakaungana kumfukuza Mwingereza. Tauni ikaingia kambini. Mwisho wa Julai Le Havre ikasalimu amri, askari wakarudi na ugonjwa, na mwaka huo London ilizika zaidi ya watu 17,000 wa tauni. Kwa mkataba wa Troyes, Aprili 1564, alipewa krauni 120,000 na Calais ikapotea moja kwa moja. Baada ya hapo hakutuma tena jeshi rasmi barani mpaka 1585. Ile tahadhari yake inayosifiwa sana aliilipia pale Le Havre.

Katikati ya safari hiyo ya Ufaransa, Oktoba 1562, aliugua ndui huko Hampton Court, na kwa siku kadhaa ilionekana hatapona. Washauri walikusanyika kuzungumzia mrithi na hawakuelewana. Wengine walimtaja Katherine Grey, mdogo wake Jane, ambaye Elizabeth alikuwa amemfunga Mnarani kwa kuolewa kwa siri. Wengine sharifu wa Huntingdon. Mary Stuart, ambaye sasa alikuwa mjane na amerudi Uskoti, hakuwa na mtetezi ndani ya Baraza. Malkia, homa ilipopungua kidogo, aliomba Dudley afanywe Mlinzi wa dola na apewe pauni 20,000 kwa mwaka. Kisha akapona, wote wakashusha pumzi, na Januari 1563 Bunge likakutana likiwa na neno moja mdomoni: taja mrithi, au olewa, au yote mawili.

Alikuwa amekwisha toa sababu zake, mwaka 1561, alipozungumza na mjumbe wa Uskoti, William Maitland. Alimuuliza kama anadhani anaweza kuipenda sanda yake mwenyewe. Yeye alikuwa amewahi kuwa mrithi. Alikumbuka jinsi watu walivyofurika Hatfield wakati Mary anakata roho, na jinsi mwaka 1554 maasi ya Thomas Wyatt yalivyofanywa kwa kumtazamia yeye, yakamtia Mnarani miezi miwili ingawa hawakupata karatasi yenye saini yake. Akimtaja mtu, waasi wote wangejua mlango wa kubisha.

Cecil alitafuta njia ya kuzunguka. Mwaka huo 1563 aliandika rasimu ya kifungu cha sheria: malkia akifa bila mrithi aliyetajwa, Baraza lingeendelea kutawala mpaka Bunge litangaze nani anastahili taji. Kisome ukifikiria maana yake. Kwa muda fulani Uingereza ingekuwa nchi isiyo na mfalme, inayoongozwa na kamati, na Bunge lingechagua mtawala. Ni rasimu ya mtu anayeamini kwamba dola ni kubwa kuliko aliye kwenye kiti, na inaonyesha kwamba wanaomwona Cecil kama karani mtiifu hawajamsoma. Lakini uliniuliza nani alikuwa anatawala. Rasimu ile haikuwa sheria. Elizabeth aliwajibu wabunge kwa maneno marefu yasiyo na ahadi, akachukua kodi waliyompitishia, na tarehe 10 Aprili akaahirisha Bunge. Hakuliita tena mpaka 1566, na walipokuja na ombi lilelile, aliwarudishia theluthi ya kodi aliyokuwa ameomba ili asilazimike kulijibu.